Honi ya Chigongwe

Walimwita Bibi Harusi
kwa jinsi alivyoteremka polepole,
tani thelathini za saruji nyuma yake
kama shela ndefu isiyotaka kukanyagwa.
Pale Kibaigwa, penye foleni ya malori ya mahindi,
madereva walimpigia vigelegele:
"Sogeeni, mwali anapita!"
Nhembo hakujibu. Alitafuna karanga,
maganda akayatia mfukoni, si dirishani.

Mimi nilikuwa utingo wake. Miaka kumi na tisa,
na niliona aibu.

Saa kumi alfajiri ananisukuma na rungu la mninga:
"Gonga matairi."
Ishirini na mawili, moja moja, sikio nimelitega.
Lililojaa hujibu ng'o. Lililochoka husema pu.
"Ukiliruka moja, hilo ndilo litakalosema Saranda."
Kisha breki, kisha taa, kisha miwani yake,
aliyoifuta kwa pindo la shati mpaka nikachoka kumtazama.

Vijana wa Pandambili walimjia na madumu ya njano.
Wenzake waliteremka vilima gia ikiwa huru
ili dizeli ibaki, na iliyobaki iuzwe.
Yeye alishusha kioo inchi mbili,
akasema, "Hii si yangu," akakipandisha.
Tajiri akipiga simu, wenzako wako Manyoni, wewe uko wapi,
aliegesha kwanza, akawasha taa za hatari,
ndipo apokee:
"Niko barabarani, bosi. Bado niko barabarani."

Lakini tukishapita mizani ya Nala,
kwenye kalavati moja karibu na Chigongwe,
hapana nyumba, hapana kona, hapana kibao,
ni vichaka vya miiba na mchanga tu,
alipiga honi. Mara moja. Fupi,
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Safari ya sita nikamuuliza:
ulimgonga nani hapa?
Karanga ikampalia.
"Hapa sikumgonga mtu."

Mwaka ule lori lilikuwa jipya, alisema,
mshale kwenye mia na kumi,
usiku wa pili bila kulala, shavu limejaa mirungi.
Mtoto na punda, madumu manne ya maji.
Punda akaonja joto la lami, likampendeza, akasimama.
Lori likaserereka, tela likitaka kulipita kichwa,
likakoma.
Kati ya bampa na dumu la mwisho
ungepitisha sahani, ukiishika wima.
"Yule mtoto akageuka, akanipungia mkono.
Ananishukuru! Alidhani nimempisha."

Akanyamaza mpaka Bahi.
Kule kwenye mashamba ya mpunga akasema, kama anaongea na usukani:
"Wengine wana mahali walipoua.
Mimi nina mahali ambapo sikuua.
Usidhani kwa hiyo nalala."

Sasa Nhembo ana ekari moja ya zabibu Hombolo
na baiskeli, ambayo nayo, nasikia, huiendesha kama mwali.
Usukani ninao mimi.

Wiki iliyopita nilipita Mbande.
Kibao kinasema hamsini,
mshale wangu themanini na mbili,
simu ya tajiri inalia mapajani.
Hakutokea punda. Hakutokea mtu.
Palikuwa na jua, na kivuko cha shule,
mistari yake meupe imefutika nusu.
Hakuna aliyenipungia.

Nikaegesha mbele kidogo,
mikono inatetemeka kwa jambo ambalo halikutokea.
Kalavati langu sijapewa.
Sitaki kupewa.

Nikachukua rungu, nikashuka, nikaanza upya,
mchana kweupe, madereva wakinicheka kwa honi:
la kwanza, ng'o.
La pili, ng'o.
La tatu...
nikainama, nikaligonga tena.